Kumlisha mandarini kwa kopepodi hai: maswali ya wafugaji wa Mombasa

Maswali haya huulizwa na watu wanaofuga samaki wa maji ya chumvi majumbani, kuanzia Nyali hadi Likoni, na mengi huanza kwa namna moja: samaki mzuri amenunuliwa, yuko tankini siku ya tatu, na hajagusa chakula. Majibu yanamlenga zaidi mandarini, kwa kuwa ndiye anayewaliza wengi, lakini sehemu kubwa yanamfaa pia farasi wa baharini na samaki wengine wenye vinywa vidogo. Neno langu kubwa nalitanguliza: shamba la chakula, yaani ndoo za kufugia kopepodi, viumbe wadogo wa majini anaowala, lianze kabla samaki hajanunuliwa, miezi miwili kabla ukiweza. Anayetangulia kununua samaki anaanza kushindana na tumbo lililo tupu tayari.

Kwa nini mandarini wangu hagusi chakula cha dukani?

Si maringo, na mara nyingi si ugonjwa. Mandarini (Synchiropus splendidus) ni samaki wa Pasifiki ya magharibi, kuanzia visiwa vya kusini mwa Japani hadi Australia, na wengi wanaouzwa huvuliwa Ufilipino na Indonesia. Huko kwao hushinda mchana kutwa juu ya mawe ya matumbawe: anasogea kidogo, anasimama, anatazama, anadonoa. Kila anachodonoa ni kiumbe hai kinachotikisika. Chembe kavu ikizama mbele yake haitikisiki, na kwake hicho si chakula. Mtazame vizuri utamwona anaisogelea, anaigeuzia jicho, kisha anapita.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Samaki wengi wa tankini hula mara mbili kwa siku wakashiba. Huyu anakula kidogo kidogo tangu kunapopambazuka hadi giza liingie. Hata akikubali chakula cha mkono, milo miwili haimtoshi. Anahitaji tanki ambalo lenyewe lina chakula kinachotembea kati ya mawe saa zote.

Kopepodi ni nini hasa?

Ni viumbe wadogo wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Wengi wana urefu wa kati ya nusu milimita na milimita mbili, na spishi zinazojulikana ni zaidi ya 10,000. Huhitaji maabara ili uwaone. Maji yakipwa, chota gilasi moja kwenye kidimbwi chenye mwani kati ya mawe, iinue mbele ya tochi usiku, na subiri tope litue. Nukta nyeupe zinazokwenda kwa kushtukashtuka ndizo hizo. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona zaidi: mwili ulionona mbele na kuchongoka nyuma, jicho moja tu, mara nyingi jekundu, katikati ya paji, na jike akibeba mayai kwenye kifuko kimoja au viwili karibu na mkia. Mimi huwashauri watu waanze na tochi na gilasi kabla ya kununua kifaa chochote, kwa sababu asiyeweza kumtambua kopepodi hatajua shamba lake linapokufa.

Kwa mfugaji yapo makundi matatu. Kuna wanaotambaa juu ya mawe na kuta, kama Tisbe na Tigriopus. Kuna wanaoelea majini maisha yao yote, ambao huwafaa zaidi samaki wachanga. Halafu kuna wa katikati, kama Apocyclops, ambao huelea na kutua. Mandarini hutafuta chakula chini, kwa hiyo wanaotambaa ndio wake.

Akitoka kwenye yai, kopepodi hupitia hatua sita za uchanga, kisha tano za ujana, ndipo anakomaa. Kwa joto letu Tisbe humaliza safari hiyo kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana shamba likishika, linakimbia.

Nitajuaje kama samaki ana njaa? Mbona bado anatembea vizuri?

Mandarini hutembea vizuri hadi karibu na siku ya kufa, kwa hiyo usimpime kwa mwendo. Mtazame kutoka mbele na kutoka juu. Aliyeshiba ana tumbo la mviringo, na mgongo umejaa pande zote mbili. Mwenye njaa tumbo limeingia ndani, na nyama ya mgongoni juu ya mstari wa ubavuni imebonyea hadi umbo la mfupa linaanza kuonekana. Ukifika dukani ukamwona yuko hivyo, mwache, hata kama bei imeshushwa. Samaki aliyekonda kiasi hicho anahitaji shamba lililokomaa tayari na mtu wa kukaa naye kila siku.

Atemia hawatoshi? Ni rahisi kuwaangua.

Ni rahisi kweli. Atemia ni viumbe wadogo wa maji ya chumvi, jamii ya uduvi. Mayai yao huanguliwa kwa takriban saa 24 kwenye maji ya chumvi yenye nyuzijoto 25 hadi 28 na hewa ya kutosha, na hapa kwetu si wageni: waliingizwa kwenye mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980. Mandarini wengi huwakubali kwa sababu wanatikisika.

Shida iko kwenye lishe. Atemia mchanga ana mafuta machache sana ya aina ya DHA, ambayo samaki wa baharini hawezi kuishi vizuri bila hayo, na kile kidogo alichozaliwa nacho huanza kwisha saa chache baada ya kuanguliwa. Samaki anaweza kula kila siku na bado akakonda. Watumie kama nyongeza, uwape samaki wangali wapya kabisa, au uwalishe kwanza mwani mdogo kwa nusu siku. Msingi ubaki kopepodi.

Mbegu ya kopepodi naipata wapi?

Ya kwanza ni kumwomba mfugaji mwenzako. Chupa moja ya nusu lita yenye kopepodi hai inatosha kuanzisha shamba, na hii ndiyo njia iliyo safi kuliko zote.

Ya pili ni bahari yetu wenyewe. Nenda maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua ambapo vidimbwi vingi hubaki wazi. Chota maji pamoja na vipande vya mwani, tikisa mwani ndani ya ndoo, utoe, kisha chuja. Faida yake ni kwamba kopepodi wa hapa wamezoea joto na chumvi ya hapa. Hasara ni kwamba ndoo huja na wageni: vikaa vidogo, minyoo, konokono, na wakati mwingine kopepodi wa aina nyingine kabisa, wanaonyonya damu na ute wa samaki. Kwa hiyo usimwage maji hayo ndani ya tanki la samaki. Pitisha kwenye kitambaa chenye matundu madogo ili wapite wachanga peke yao, walee kwenye chombo kisicho na samaki kwa wiki kadhaa, na utumie wazao wao. Vimelea wasipopata samaki wa kung'ang'ania hufa.

Ninaruhusiwa kuchota popote?

Hapana. Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Mombasa ilitengwa mwaka 1986, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ndani yake hairuhusiwi kutoa kitu, awe samaki, jiwe, au kipande cha mwani. Uliza mipaka kabla hujashuka na ndoo, kwa sababu ukiwa ufukweni huioni. Kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni ya uvuvi.

Maji nichote wapi?

Epuka Kilindini kwa sababu ya mafuta ya meli, na epuka hori ya Tudor, ambako majitaka ya mji huingia. Chota upande wa bahari kuu wakati maji yanajaa, baada ya siku kadhaa bila mvua. Wakati wa masika mito na mitaro hupunguza chumvi ya maji ya karibu na pwani, na kipimo unachokitegemea huwa si kile. Bahari yetu kwa kawaida ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na kopepodi wengi wa kufugwa wanakubali kuanzia 28 hadi 35. Chuja, kisha acha maji yatulie gizani kwenye mitungi iliyofunikwa kabla ya kuyatumia.

Maji ya kuongezea ni habari nyingine. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi. Hapo wakazi wa Mombasa wanajua taabu: maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na mtungi wa lita 20 unaoletwa kwa mkokoteni mara nyingi umejazwa kisimani. Maji ya mfereji nayo yana klorini. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni mazuri, kama paa halina kutu. Yasipokuwepo, nunua ya kunywa yaliyochujwa.

Shamba lenyewe linajengwaje?

Vyombo vitatu ni bora kuliko kimoja kikubwa. Ndoo nyeupe za lita 20 zinafaa sana, kwa sababu weupe unakuonyesha kilichomo. Shamba moja likifa, na siku moja litakufa, mbegu iko kwenye ndoo ya pili. Kila ndoo iwe na kikombe chake na mrija wake. Ukitumia kikombe kimoja kwa zote tatu, umezifanya ndoo moja.

Jaza maji ya bahari hadi robo tatu. Ingiza mrija wa hewa usio na jiwe la povu, na fungua pampu kidogo tu, mapovu makubwa yatoke moja moja, kama mawili kwa sekunde. Povu jembamba huwakamata wachanga na kuwasukuma juu hadi wakakauka ukingoni. Kwa wanaotambaa, tumbukiza vipande vya wavu wa plastiki au mawe machache safi ili wapate mahali pa kushika. Funika kwa kipande cha chandarua: mbu na vumbi havina nafasi, na hewa inapita.

Weka mahali penye mwanga wa kawaida lakini jua lisipige moja kwa moja. Veranda ya upande wa mashariki huonekana pazuri asubuhi, na saa nne ndoo imeshapata moto. Mimi napendelea sakafu ya chumba cha ndani, sakafuni kabisa, ambapo saruji huvuta joto.

Kopepodi wenyewe wanakula nini?

Bora kabisa ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ule unaoyafanya maji yawe ya kijani: Isochrysis na Tetraselmis zina lishe nzuri, na Nannochloropsis ni rahisi kukuza ingawa peke yake haitoshi. Ukipata mbegu, ikuze kwenye chupa zinazopitisha mwanga za lita moja na nusu, zenye maji ya bahari yaliyosafishwa, matone machache ya mbolea ya maji, hewa, na taa. Chupa ikiiva, maji huwa ya kijani kibichi kiasi kwamba huoni vidole vyako upande wa pili.

Kanuni ya kulisha ni rangi. Mimina hadi maji ya ndoo yawe na kijani chepesi, chini bado unapaona. Yakirudi kuwa meupe, mimina tena. Yakikaa kijani siku tatu nne bila kubadilika, kopepodi ni wachache au wameanza kufa, na kuongeza chakula kutaharibu zaidi.

Asiyekuwa na mwani anaweza kutumia unga wa spirulina uliokorogwa vizuri, kiasi cha ncha ya kijiti kwa ndoo. Wanaotambaa si wateuzi. Hamira nayo hutajwa sana, na kweli wanaila, lakini huchafua maji haraka kwenye joto letu na lishe yake ni duni. Siipendekezi, isipokuwa kwa siku mbili tatu za dharura.

Joto la Mombasa si litawaua?

Linaweza. Nyuzijoto 24 hadi 28 ndiyo raha yao. Wakati wa kusi hutakuwa na tabu. Ni mwishoni mwa kaskazi, Machi na mwanzoni mwa Aprili, ndipo chumba kilichofungwa hupita 30 na maji yakashika hewa kidogo kuliko kawaida. Miezi hiyo lisha nusu, vuna zaidi ili wasisongamane, na elekeza feni juu ya maji. Upepo hupoza maji kwa nyuzijoto mbili tatu, ila maji hupaa haraka, kwa hiyo kipima chumvi kiwe karibu. Chupa ya barafu ya kuelea inasaidia pia. Kuwahamishia ghafla kwenye maji baridi huwashtua.

Stima ikipotea?

Ndoo ya kopepodi iliyolishwa kwa kiasi hustahimili saa kadhaa bila hewa, hasa ikiwa pana na haina kina. Tanki la samaki ndilo la kuhudumia kwanza. Pampu ndogo ya hewa inayotumia pawabanki ni kifaa ambacho kila nyumba yenye tanki hapa mjini iwe nacho, imechajiwa. Usilishe chochote hadi stima irudi.

Navuna vipi?

Kitambaa cha kuvunia kinapatikana kwa mafundi wa kuchapisha fulana. Wavu wao huuzwa kwa idadi ya nyuzi kwa sentimita: wa nyuzi 120 una matundu ya karibu maikroni 50 (maikroni 1,000 ni milimita moja) na hushika hata wachanga, wa nyuzi 43 una matundu ya kati ya maikroni 130 na 150, hushika wakubwa na kuwaachia wachanga. Kata kipande cha bomba la plastiki, gundisha kitambaa upande mmoja, na una chujio la miaka.

Zima hewa, acha uchafu utue, kisha vuta maji ya kati na ya kutani kwa mrija mwembamba hadi kwenye chujio lililokaa ndani ya bakuli la maji, ili wasibanwe na kukauka. Chukua robo ya ndoo kwa wiki, ikizidi sana theluthi, na uijaze kwa maji mapya. Kuvuna mara kwa mara kunalinda shamba: wakisongamana huacha kuzaa. Waliobaki kwenye chujio suuza kwa maji safi ya bahari. Maji ya ndoo usiyatie tankini, yamejaa uchafu wao.

Nawatia saa ngapi kwenye tanki?

Usiku, taa zikiwa zimezimwa na pampu zimesimamishwa kwa nusu saa. Wateremshe kwa mrija hadi chini, kati ya mawe, ili wapate pa kujificha kabla ya samaki wengine kuamka. Ukiwamwaga juu mchana, umewalisha samaki ambao hawana shida ya kula.

Soksi ya kuchujia na taa ya kuua vijidudu huwamaliza kopepodi. Zima au toa kwa usiku huo.

Tanki langu ni la lita 80. Linatosha?

Kwa mandarini, hapana, isipokuwa ukubali kutia kopepodi karibu kila siku bila kukosa. Lita 250 zenye mawe hai mengi, yaani mawe ya baharini yenye viumbe wanaoishi ndani yake, zilizotimiza miezi sita au zaidi, ndizo ninazoweza kumshauri mtu. Ukiweza kuunganisha tanki dogo la pembeni lenye mwani mwingi na lisilo na samaki, lililowashwa taa usiku wakati la kwanza limezimwa, kopepodi watazaliana humo na kuvuka wenyewe. Usichanganye madume mawili. Dume hutambulika kwa mwiba mrefu wa pezi la kwanza mgongoni, na wakikutana hupigana hadi kufa. Chunguza pia wenzake wa tankini, kwa maana samaki wadogo wepesi wanaokula kopepodi kwa kasi watamwachia mawe matupu.

Anaweza kufundishwa kula chakula cha barafu?

Wengine wanakubali, na inafaa kujaribu, ila baada ya kunona. Laza chupa ndogo ya kioo chini ya tanki, mdomo ukiwa wazi, na utie ndani atemia wapya kwa mrija. Akizoea kuingia humo, changanya kopepodi wa barafu kidogo kidogo. Samaki waliozaliwa kwenye matanki hukubali haraka zaidi kuliko waliovuliwa, kwa hiyo ukipata wa kuzaliwa, mlipe muuzaji bei yake.

Na farasi wa baharini?

Huyu hana meno wala tumbo la kuhifadhia chakula. Anavuta mawindo kwa mdomo wake mrefu kama mrija na chakula kinapita haraka. Mkubwa anataka uduvi, hai au wa barafu, mara mbili tatu kwa siku. Wachanga wake ndio wenye haja kubwa ya kopepodi: wanaanza kuwinda siku ile ile ya kuzaliwa, na kopepodi wachanga ndio wanaoingia kinywani mwao. Biashara ya kimataifa ya farasi wa baharini wote imewekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004, kwa hiyo dai karatasi.

Maji ya shamba yananuka. Nifanye nini?

Harufu ya yai bovu, ukungu mweupe, na kopepodi waliokusanyika juu ukingoni: umelisha kupita kiasi. Chuja walio hai upesi, wahamishie maji mapya, acha siku mbili bila chakula. Tope la chini limwage lote.

Ukiona vijidoa vidogo sana vinavyozunguka taratibu bila kushtuka, rotifa, viumbe wa majini wadogo kuliko kopepodi, wameingia. Watamaliza chakula na kuwazidi kopepodi wako. Chuja kwa matundu ya maikroni 130, suuza mara kadhaa, anza na kopepodi wakubwa peke yao.

Niliagiza Tigriopus kutoka Marekani. Nikiwachoka naweza kuwarudisha baharini?

Usithubutu. Hao ni wa vidimbwi vya pwani ya Pasifiki, na hakuna mtu anayeweza kuita kiumbe wa namna hiyo arudi akishaachiwa. Maji yao yatie klorini, yakae siku nzima, kisha yamwage chooni. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya tanki lolote lenye viumbe wa nje, hata kama nyumba yako iko hatua chache kutoka ufukweni.

Nikisafiri wiki nzima?

Siku mbili kabla ya safari vuna kwa wingi na uwatie tankini usiku. Kisha pima maji ya kijani kwenye vichupa vidogo, kimoja kwa kila ndoo kwa kila siku ya pili, andika siku juu yake, na uviweke chini kabisa ya friji. Anayebaki nyumbani avitikise, amimine kilichoandikwa siku hiyo, aongeze maji yasiyo na chumvi hadi alama uliyochora kwenye ndoo, na aishie hapo. Mwambie wazi kwamba asimimine cha kesho leo, hata akiona maji yamekuwa meupe.